Sukari Iliyoungua

3 Julai

Dada,

Kuna sauti moja ambayo haijawahi kunitoka masikioni: kijiko kikigonga kitako cha bakuli. Ko. Mara moja tu. Mimi niko kitandani, mlango umefungwa, nimeambiwa nisitoke mpaka niitwe. Jikoni mtu anapindua bakuli la pudini juu ya sahani, anagonga, halafu kimya. Kimya kile nilikiona kirefu kuliko mwaka mzima wa shule. Kisha naitwa, na sikukuu inaanza.

Hujambo? Mama hajambo? Magoti yake yanamsumbua bado, au ile dawa ya kupaka imesaidia? Mimi mzima, ila vumbi la shayiri linanikohoza. Nimehamia chumba kingine, cha juu. Chini yangu anakaa fundi cherehani ambaye anaongea na mashine yake kama mume na mke waliochokana. Naandika kwa sababu simu zangu hupokei, na ukipokea unasema una wateja.

Sasa sikiliza. Kiwandani wamenitoa kwenye kuosha matangi. Kila mwaka tunapika bia moja ya msimu wa sikukuu, yenye ladha ya kitu kitamu cha kumalizia chakula. Mwaka jana ilikuwa keki ya chokoleti. Kuinywa ilikuwa kama kutafuna kopo la kakao. Mwaka huu bosi, ambaye tunamwita Pipa na anajua tunavyomwita, alitukusanya akasema: "Kila mtu aniletee alichokula siku ya sikukuu akiwa mtoto. Atakayenitoa machozi, bia yake inaingia tangi kubwa. Na mwakani mapishi yote ya kiwanda yatakuwa chini yake."

Nimempikia pudini ya mama.

Ni bia nyeusi. Nimetia sukari ya maziwa ili iwe nzito mdomoni, vanila ya maganda, na sukari niliyoiunguza mwenyewe kwenye sufuria kavu mpaka ikatoa moshi. Nakutumia chupa tatu. Usiinywe baridi sana. Imimine kwenye glasi, iache ipumue. Kwanza utapata maziwa na vanila, halafu, karibu na koo, utapata ule uchungu wa chini ya bakuli, ule tuliokuwa tukigombea kuukwangua. Mwambie mama anywe kidogo, hata kijiko kimoja.

Karatasi ya chupa nimeandika mimi: "Kila sikukuu ya mwisho wa mwaka mama yangu, muuguzi, alirudi usiku kutoka wodini, akavua viatu, akatupikia pudini, akatuachia. Hii ni ladha ya mikono yake." Pipa aliposoma hakulia, lakini alivua kofia.

Niambieni ukweli mlivyoiona. Ladha yenyewe mnaijua ninyi wawili tu.

Mdogo wako

29 Julai

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Mama hajambo, magoti ni yale yale, na dawa ya kupaka haisaidii kwa sababu hajipaki. Anasema inanuka kama soksi. Dukani tuna kazi kweli kweli. Msimu wa mafua umeanza, kila mtu anataka dawa ya kikohozi na hakuna anayetaka kusikia kwamba kikohozi chake kitaisha chenyewe. Jirani yetu wa ukuta amenunua jogoo. Nikikamatwa kwa kosa la jinai, utajua sababu.

Kifurushi kilifika na chupa mbili. Ya tatu ilipasukia njiani. Yule kijana wa mizigo alinikabidhi boksi linalovuja mbele ya wateja, akasema, "Dada, dawa yako imemwagika," na duka zima likanukia kilabu mpaka tukafunga. Ahsante sana.

Nimeionja. Ni tamu. Imepikwa vizuri, sitasema uongo.

Yale maandishi yatoe.

Siombi, nasema yatoe. Bia iuzeni, muipe jina la ua, la ndege, la huyo Pipa wenu, sijali. Lakini hayo maneno ya mama kuvua viatu na mikono yake, yasiende kwa watu. Na usiniulize kwa nini, maana najua kupima na kuuliza ndiyo kazi uliyosomea chuoni. Tangu mdogo ulikuwa hivyo. Ukiambiwa lala unauliza usingizi unaanzia wapi.

Mama naye kaionja. Aliyoyasema atakwambia mwenyewe. Simu yake unaijua.

Dada yako

11 Agosti

Dada,

Shikamoo. Natumaini jogoo bado yu hai na wewe bado uko huru. Mimi kikohozi kimepungua. Fundi wa chini amenishonea pazia, limepinda upande mmoja, nikamwambia, akasema dirisha ndilo lililopinda.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Haibadiliki. "Ni tamu. Yatoe." Hivyo ndivyo unavyowahudumia wateja wako? Meza vidonge, usiulize?

Nimempigia mama. Alifurahi mpaka sauti ikakatika. Alisema, "Mwanangu, imekaa kabisa kama yangu." Kasema karatasi ya chupa kaibandua kwa maji ya moto na kaiweka kwenye fremu, kaitundika ukutani pale ilipokuwa picha ya kuhitimu kwako. Kwa hiyo sasa nimeelewa tatizo liko wapi. Tatizo ni ukuta.

Tusifichane. Wewe huwezi kuvumilia mama asifiwe kwa kitu ambacho wewe hukuwemo. Umekaa naye miaka yote hiyo, unampeleka kliniki, unamkatia kucha, na kila tukionana unanihesabia kwa macho. Sawa. Lakini pudini ile ni kitu changu na mama. Ndicho pekee nilichobaki nacho. Mwanamke yule alikuwa akiondoka mimi nimelala na kurudi nimelala. Mama yangu nilimjua kwa harufu ya sabuni ya hospitali na kwa pudini. Unataka nitoe hata hiyo?

Jana tulifanya kuonja kwa wafanyakazi. Glasi ndogo ndogo, kila mtu na kalamu. Mwenzangu mmoja, tunamwita Miwani, ameleta bia ya keki ya machungwa. Ni nzuri, inaruka puani kama ganda la chungwa likikamuliwa. Lakini walipofika kwangu Pipa alirudi mara ya pili, akafumba macho, akasema, "Huu uchungu wa mwisho. Huyu mama alijua moto aukomeshe wapi." Miwani mwenyewe kanipa mkono. "Umenimaliza," alisema, "na mama yako kanimaliza zaidi."

Maandishi hayatoki.

Mdogo wako

20 Septemba

Kitindamimba,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nachana. Barua ya kwanza niliandika nikachana, ya pili vile vile. Hii nitaipeleka posta kabla sijaisoma.

Mama mzima. Jogoo kaliwa, na siyo na mimi.

Picha yangu iko chini ya kitanda, kioo kimeelekea sakafuni. Kweli sikupenda. Hilo umelipatia. Mengine yote umekosa, na umekosa kwa ufasaha, kama kawaida yako.

Wiki iliyopita mama kaja dukani na ile fremu kwenye mkoba. Kaja kuchukua dawa zake, watu wamejaa, kaitoa fremu kaiweka juu ya kaunta yangu, kasoma kwa sauti, neno kwa neno. "Hii ni ladha ya mikono yake." Wateja wakapiga makofi. Mzee mmoja wa shinikizo la damu akamwambia, "Mama, umebarikiwa watoto." Mama akatazama chini, kama bibi harusi. Mimi nikahesabu vidonge.

Unasema wewe ni mtu wa vipimo. Unapima tangi asubuhi, unapima jioni, unaandika ripoti. Basi pima na hiki. Mpigie mama, umuulize pudini yake inapikwaje. Usimuongoze. Muulize kama unavyomuuliza mtu usiyemjua, umwache aseme mpaka mwisho.

Ukishamaliza, usinipigie.

Dada yako

2 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Nitaruka habari za fundi cherehani.

Nimemuuliza. Nilimwambia kiwanda kinataka maelezo kamili kwa ajili ya tangi kubwa. Alifurahi, alijiweka sawa kitini, nilisikia kiti kikilalamika. Akaanza: maziwa yapashwe moto yasichemke, mayai yapigwe taratibu yasitoe povu, vanila mwishoni. Nikamuuliza, "Na sukari ya chini?"

"Ya chini unaiyeyusha."

"Mpaka ifike wapi, mama?"

"Rangi ya asali. Ikifika hapo unaitoa upesi."

"Ikizidi?"

"Ikizidi mwaga, mwanangu, hiyo imeharibika. Ikishatoa moshi inakuwa chungu, nani ataila?"

Nikasema, "Lakini bia ni chungu, mama. Na ulisema imekaa kama yako." Akasema kuna mtu mlangoni. Sikusikia hodi.

Nimejaribu. Nimepika sukari ya rangi ya asali, nikaweka kwenye bia kidogo, nikaonja. Ni tamu, basi. Ni bia ya mtu mwingine. Siijui.

Kwa hiyo niambie. Usinipe fumbo, usinitume kwa mtu mwingine. Nani alikuwa jikoni?

Mdogo wako

18 Oktoba

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Mvua zimeanza, duka limevuja upande wa maziwa ya watoto. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya katoni.

Umeuliza nani alikuwa jikoni. Mimi. Nani mwingine? Nyumba ilikuwa na watu wangapi?

Mama hakuwahi kuwa nyumbani siku ya sikukuu. Hata mara moja. Tangu baba afariki, kila mwisho wa mwaka aliomba zamu ya siku hiyo. Aliomba, sikiliza vizuri, hakupangiwa. Wenzake walimpenda kwa hilo, maana wao walikuwa wanakwenda kukaa na watoto wao. Mimi nilijua kwa sababu muuguzi mwenzake mmoja alinishukuru njiani. "Mwambie mama yako Mungu amlipe," alisema, "mwaka huu tena kanichukulia zamu." Nilikuwa na sare ya shule na kikapu cha vitunguu, nikaitikia, "Nitamwambia." Sikumwambia.

Sikukuu ya kwanza bila wote wawili, wewe ulikuwa huachi kuuliza. Mama yuko wapi, anakuja saa ngapi, kaniletea nini. Nikakuambia mama kaacha pudini, inaiva, nenda kalale kidogo nitakuita. Haikuwepo pudini. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne na pudini nilikuwa nimeiona ikipikwa tu, kwa mbali. Nikafunga mlango wa chumba, nikawasha moto, nikaweka sukari kwenye bakuli la bati. Wewe ukaanza kupiga mlango kwa teke. Unalia mpaka unakabwa. Nikaacha moto nikaja kukubembeleza, na niliporudi jikoni kulikuwa moshi mtupu. Nikalishika bakuli kwa mkono mtupu. Hiyo alama ya mkononi kwangu, ambayo ulipofika sekondari uliniambia imefanana na ramani, ndiyo hiyo.

Sukari nyingine haikuwepo. Nikamimina maziwa na mayai juu ya ile iliyoungua, nikafunika, nikaomba Mungu. Nikaipindua juu ya sahani, nikagonga kwa kijiko, nikakuita. Ukala yote. Ukakwangua sahani, ukasema, "Mama anajua kupika kuliko wewe."

Mwaka uliofuata nilijitahidi, sukari ikawa ya asali, nzuri kabisa. Ukasukuma sahani. "Hii siyo ya mama." Basi kuanzia hapo nikawa naiunguza makusudi, kila mwaka. Nasimama pale nasubiri moshi.

Ulivyoniandikia, "ni kitu changu na mama," nilicheka dukani peke yangu mpaka msaidizi wangu akaniletea maji.

Lakini hata hilo ningelimeza. Wewe ulikuwa mtoto. Mama siyo mtoto. Aliionja ile bia mezani kwangu, nikamtazama. Kijiko cha kwanza tu alikunja uso, akanitazama mkono, alama ile. Alijua. Halafu akasoma karatasi yako, akatabasamu, akasema, "Imekaa kama yangu." Kaenda kuchemsha maji ya kubandulia.

Sitaki kuandikwa kwenye chupa. Sitaki ushukuru. Nataka ile siku isiuzwe. Hiyo ndiyo sababu, umeipata.

Dada yako

1 Novemba

Dada,

Umenidanganya. Nianzie hapo, maana wewe umeimaliza barua nzima bila kulitaja neno hilo.

Sikukuu kumi na kitu umesimama nje ya mlango ule ukaniita, "Njoo, mama kakuachia." Nilipokuwa kidato cha pili ningeweza kuambiwa. Nilipokwenda chuo ningeweza kuambiwa. Siku nilipokutania kuhusu hiyo alama ungeweza kufungua mdomo. Hukufungua. Ulinipa mama wa uongo, halafu unanikasirikia kwa kumpenda.

Na unajua nini kinachonikera zaidi? Ulikuwa unafurahia. Kunitazama nikila huku wewe unajua na mimi sijui. Ulikuwa na siri yako tamu kuliko pudini. Sasa mtu mwingine kaikuta na kuisema vibaya, ndiyo unalia kwamba umeibiwa. Huwezi kukificha kitu miaka yote halafu ukamlaumu mtu kwa kutokiona.

Kuhusu mama sina la kusema bado. Nikimpigia anaongelea mvua.

Tangi kubwa linatakiwa kujazwa kabla ya mwisho wa mwezi ili bia iwahi sikukuu. Pipa ananiuliza kila siku. Karatasi za chupa zimeshachorwa. Wamemchora mwanamke amevua viatu. Ana miguu mizuri.

Mlete mama. Mpandishe basi. Nataka kumuuliza nikiwa namuona uso.

Mdogo wako

12 Novemba

Wewe,

Nilifurahia? Sawa. Iache ibaki hivyo, nimechoka.

Unamtaka mama, mchukue. Anapanda basi la Ijumaa asubuhi. Wiki mbili tu, arudi kabla ya sikukuu, tiketi zote mbili nimemkatia. Usimpandishe ngazi mara nyingi. Atakuambia hana njaa, ana njaa. Atakuambia halali mchana, atalala. Chai yake usiiache ipoe, atainywa hivyo hivyo halafu atakusema kwa majirani.

Utamuuliza, na hatakujibu. Mimi niliacha kumuuliza wewe ukiwa bado hujui kusoma.

Na tafadhali, hiyo bia, fanya unavyotaka. Sitaandika tena juu yake.

Dada yako

4 Desemba

Dada,

Shikamoo. Mama alifika salama, akiwa amechukia basi, dereva na abiria aliyekaa naye. Ngazi zangu kaziita adhabu. Siku ya pili alishuka kwa fundi cherehani kulalamika kuhusu kelele, akabaki huko mpaka jioni, akarudi na mto wa kiti alioshonewa. Chai yake haipoi. Analala mchana. Yote uliyosema ni kweli, na inaniudhi kwamba yote ni kweli.

Jumapili nilinunua maziwa na mayai nikamwambia, "Mama, nipikie pudini." Alitaka kukataa, nikamvutia kiti karibu na jiko. Kaipika akiwa amekaa. Mikono haijasahau, sukari ilifika asali, kaitoa, hata moshi haikuonja. Kaipindua. Ilikuwa laini, njema, haina kosa. Niliila kama chakula cha hospitali.

Kisha nikammiminia bia kwenye glasi, nikaiweka karibu na sahani yake. Akanywa kidogo. Safari hii hakutabasamu.

"Hii imeungua," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Yule alikuwa hawezi kuangalia moto na mtoto kwa wakati mmoja."

Alisema hivyo tu, kwa sauti ya mtu anayesoma joto la mgonjwa. Nikamuuliza kwa nini alikuwa anaomba zamu. Akaniuliza kitambaa cha kufutia meza kiko wapi. Nikamuuliza tena. Akafuta meza, ambayo ilikuwa safi, kona zote nne, akakunja kitambaa, akasema, "Nyumba ile siku hiyo ilikuwa haina mlango." Sijui maana yake. Nimeandika kama alivyosema ili nawe usijue.

Jumatatu nilikwenda kwa Pipa, nikamwambia yale maandishi ni ya uongo, yatoke. Akasema bila yale maandishi hana bia. "Bia nyeusi zimejaa mjini," alisema. "Watu hawanunui kimea, wananunua mama."

"Siyo mama. Ni dada yangu aliyepika."

"Basi andika dada. Dada naye anauzika."

"Hataki."

"Anataka nini?"

"Hataki kitu."

Akanitazama kama nimempigia kelele. "Wewe na mama yako na dada yako," alisema, "mngepaswa kuwekwa kwenye tangi moja tuone mtachachuka vipi." Akamwita Miwani. Wamejaza tangi kubwa kwa bia ya keki ya machungwa, na mwakani mapishi yako chini ya Miwani. Mimi nimerudi kwenye kuosha. Lile tangi dogo nililopikia bia yangu ya majaribio nililifungua kwa wafanyakazi siku ya kufunga wiki, kwenye vikombe vya plastiki, halina karatasi wala hadithi. Wakaniuliza inaitwaje, nikasema haina jina. Wakaimaliza. Hukuwekewa hata chupa.

Usiniandikie kwamba nimefanya vizuri. Sikufanya kwa ajili yako. Bado nimekukasirikia, na nikikaa peke yangu nakutungia barua mbaya kuliko hizi. Nilifanya kwa sababu kila nilipoinywa nilikuwa namuona mtoto wa sekondari amesimama jikoni anasubiri moshi, na haikushuka tena.

Umesema mama arudi kabla ya sikukuu. Wewe umeshamwachia sikukuu zako za kutosha. Siku hiyo hakuna atakayekupigia mlango teke, hakuna wa kumbembeleza, hakuna wa kumchemshia chai. Ukitaka fungua duka, ukitaka lala mpaka jua lichome pazia. Mama nimemwambia safari hii sikukuu atakaa, na atakaa na mimi, na zamu hakuna. Kanuna, sasa hivi yuko chini anamsimulia fundi jinsi nilivyo mkaidi. Tiketi yake ya kurudi niliirudisha kituoni jana asubuhi.

Mdogo wako